Kukausha Shingo ya Jino: Mwongozo wa Kuziba Tundu Lililo Kando ya Ufizi

Kabla hujashika drili, shika probu, kile kifimbo chembamba cha kupimia ufizi. Pitisha ncha yake taratibu kwenye ukingo wa ufizi, sawia na tundu unalokusudia kuziba, kisha subiri kidogo. Damu ikichomoza, mpango wa leo umebadilika, hata kama mgonjwa ameshakaa kitini na ganzi iko kwenye sindano.

Naanzia hapa kwa makusudi. Wengi wetu tulifundishwa kuogopa mate, na tunayaogopa kweli: tunajaza pamba mdomoni, tunatundika mrija wa kunyonya, tunamsihi mgonjwa asisogeze ulimi. Halafu baada ya miezi michache filingi ya shingo ya jino inarudi ikiwa mkononi mwa mgonjwa, nzima, kama ukucha uliokatwa. Mate yanalaumiwa. Lakini sehemu hii ya jino adui wake mkubwa hatoki kwenye matezi ya mate. Anatoka chini, ndani ya mfereji mwembamba ulio kati ya ufizi na jino, milimita moja au mbili tu kutoka pale unapopaka bondi, ile gundi ya filingi.

Na tundu lenyewe halikusaidii. Tundu la juu ya gego lina kuta, filingi inaweza kukaa humo hata bondi ikiwa dhaifu. Tundu la shingoni, hasa lile la kusagika ambalo halina uozo, ni kama kisahani kilichoinama: hakuna pa kushikia ila gundi peke yake. Ukingo wake wa juu una enameli (ganda gumu la nje la jino), ukingo wa chini mara nyingi ni dentini (tabaka la chini ya ganda hilo) au simenti (ngozi nyembamba ya mzizi), ambako bondi hushika kwa shida hata siku ya heri. Ndiyo maana tone ambalo kwingine lingesameheka, hapa halisameheki.

Jua unazuia maji gani

Unyevu wa mdomoni una vyanzo vinne, na dawa ya kimoja haitibu kingine.

Mate yana milango inayojulikana. Tezi la paroti hufunguka ndani ya shavu, mkabala na gego la pili la juu. Matezi ya chini ya taya na ya chini ya ulimi humwaga kwenye sakafu ya mdomo, nyuma ya meno ya mbele ya chini. Pamba huwekwa kwenye milango hiyo, si popote penye nafasi. Nimeona wasaidizi wazuri wakizungushia pamba jino la chini pande zote huku mlango wa paroti ukiwa wazi, na mate yakiteremka shavuni kimyakimya mpaka kwenye kazi.

Pumzi watu huisahau. Weka kioo karibu na jino bila kukipasha moto: kikipata ukungu, basi ukungu huohuo unatua juu ya dentini uliyoikausha sasa hivi. Kwa meno ya mbele ya juu na kwa mgonjwa anayepumua kwa mdomo, hili si jambo dogo.

Cha tatu ni majimaji ya mfereji wa ufizi. Ni machache, lakini hayakomi, na ufizi ukivimba yanaongezeka. Pamba ya shavuni hayaihusu hata kidogo. Cha nne ni damu, na damu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu protini zake hutanda juu ya dentini, na huganda mahali ambapo jicho halioni.

Hatua ya 1: Amua kama ni leo

Ufizi uliovimba haukaushwi kwa nguvu. Unaweza kuusukuma, kuupaka dawa ya kuzuia damu, kuubana kwa klampu (kibanio cha kushika shingo ya jino), na bado ukakuchirizia katikati ya kugandisha tabaka la kwanza. Nafuu ni kuutibu kwanza: ondoa ukoga na ugaga, mwonyeshe mgonjwa namna ya kupiga mswaki shingoni mwa jino bila kusugua kama anakwangua sufuria, kisha mpe wiki moja au mbili. Kama tundu limeoza, lisafishe kiasi na uliweke filingi ya muda ya glasi ionoma. Akirudi, rudia ile probu. Mara nyingi utakuta ufizi wa rangi ya waridi, mkavu, umejivuta juu kidogo, na mpaka wa tundu uliokuwa umejificha sasa unaonekana.

Najua mgonjwa ametoka mbali na foleni ni ndefu. Lakini kuziba mara mbili ni safari mbili vilevile, na ya pili anakuja amekasirika.

Kuna hali tatu za kuuliza hapohapo. Anatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Ana mzio wa lateksi? Anaweza kupumua kwa pua zote mbili leo, au ana mafua? Jibu la kila swali linabadilisha kifaa utakachochagua.

Na tazama mpaka wa chini wa tundu uko wapi hasa. Ukiwa juu ya ufizi, au sawa nao, hatua zinazofuata zinatosha. Ukiwa chini ya ufizi nusu milimita hadi milimita moja, uzi wa kusukuma ufizi au klampu vitaufichua. Ukizama zaidi ya hapo, ufizi wenyewe lazima uondolewe njiani: kwa kukata kidogo, kwa leza ya dayodi, kwa umeme wa upasuaji, au kwa kuufungua ufizi kama jani la mlango. Kabla ya kukata, kumbuka kwamba juu ya mfupa kuna utepe wa tishu ulioshikamana na jino, wastani wa kama milimita 2, na filingi ikiuvamia ufizi hautatulia kamwe. Kazi hiyo ina mwongozo wake. Hapa naishia kwenye matundu yanayofikika.

Hatua ya 2: Ganzi na maneno mawili matatu

Piga ganzi hata kama tundu ni dogo na mgonjwa anajigamba kwamba anavumilia. Klampu ya shingoni inauma, uzi unauma, na mgonjwa anayeumia hutoa mate na kusogea. Ganzi yenye adrenalini ina faida nyingine: inabana mishipa midogo, ufizi unapauka na damu inapungua. Usisahau upande wa ndani, wa ulimi au wa kaakaa. Huko ndiko taya moja ya klampu itakakokalia, na huko ndiko wengi hawapigi sindano.

Kisha zungumza naye. Mimi husema hivi: "Mama, nitakufunika jino hili. Utapumua kwa pua. Ukitaka kumeza, meza tu, lakini kichwa kibaki hapohapo. Ukishindwa, inua mkono wa kushoto, nitasimama." Mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ungenigonga kiwiko. Kikao chote hutegemea sentensi hizo kuliko watu wanavyodhani. Mgonjwa asiyejua kama anaruhusiwa kumeza hukaa akikusanya mate mpaka yafurike.

Hatua ya 3: Jaribu vifaa vya kukaushia kabla ya kuvihitaji

Piga hewa ya bomba juu ya kioo kikavu au karatasi laini. Ikiacha matone au doa la mafuta, tatizo lako haliko mdomoni. Kompresa isiyotolewa maji humwaga ukungu juu ya dentini kila unapobonyeza kitufe, na utautafuta ufizi ulaumu bure. Jaribu na nguvu ya saksheni, yaani mrija wa kunyonya: chovya ncha kwenye kikombe cha maji uone. Mambo haya huchukua nusu dakika.

Hatua ya 4: Mpira na klampu

Shuka la mpira lilianzishwa na Sanford Barnum, daktari wa meno wa New York, mwaka 1864, na mpaka leo hakuna kilicholipita kwa kuzuia mate na pumzi kwa mpigo mmoja. (Jina lake la Kiingereza, "rubber dam", likipita kwenye ulimi wa Kiswahili, linatoka "raba damu". Jina la kejeli kwa kifaa ambacho nusu ya kazi yake ni kuizuia hiyo damu.) Kwa tundu la shingoni, hata hivyo, mpira uliowekwa kwa mazoea hausaidii: unakaa juu ya tundu na kulifunika. Lazima utobolewe na kuvutwa kwa namna yake.

Chagua mpira mzito kuliko ule wa kawaida, kwa sababu mzito husukuma ufizi vizuri na haupasuki kirahisi kwenye klampu. Mwenye mzio wa lateksi apewe wa nitraili au mwingine usio na lateksi, bila mjadala.

Tenga meno kadhaa, si lile moja tu. Kwa jino la mbele, toboa kuanzia pembeni mwa chonge mpaka upande wa pili. Kwa premola (jino lililo kati ya chonge na magego), chukua meno mawili nyuma na matatu mbele ukiweza. Tundu la mpira la jino unalotibu lifanye kubwa kidogo kuliko mengine, na ulisogeze kama milimita moja upande wa nje, yaani upande wa mdomo au shavu ambako filingi itakaa. Acha pia nafasi pana zaidi kati yake na majirani. Mantiki ni nyepesi: mpira huu utavutwa kuelekea mzizini, na ukiwa haba utanyanyuka pembeni na kufungua kimlango kati ya jino na jino. Kila ninapoona mate yanaingia licha ya mpira kuwepo, kosa limefanyika kwenye kutoboa, dakika kumi kabla.

Weka klampu ya kushikia nyuma, pitisha mpira kati ya meno kwa uzi wa kusafishia meno, kisha kunja ukingo wake uingie ndani ya mfereji wa ufizi. Kifaa butu na hewa kidogo vinatosha: kausha shingo ya jino kwa hewa huku ukisukuma ukingo wa mpira, utauona unajikunja wenyewe na kukaa.

Sasa klampu yenyewe. Inayotumika sana shingoni ni namba 212, ile yenye pinde mbili zinazotokeza mbele na nyuma kama masikio. Kabla ya kuipeleka mdomoni, funga uzi wa kusafishia meno kwenye upinde wake na uache mkia mrefu nje. Klampu ikiruka na kuelekea kooni, uzi huo ndio utakaokuokoa wewe na mgonjwa. Sijawahi kuona sababu ya kutoufunga.

Iweke hivi. Ishike kwa koleo ya klampu, shusha kwanza taya ya ndani, upande wa ulimi au kaakaa, ikae chini ya upana wa taji (sehemu ya jino iliyo juu ya ufizi) na kutulia. Ishikilie pale kwa kidole cha mkono wa pili. Kwa kidole gumba, vuta mpira upande wa nje kuelekea mzizini mpaka uone mpaka wa chini wa tundu wazi. Ndipo uizungushe taya ya nje ishuke polepole, ipite tundu, ikae juu ya mzizi nusu milimita hadi milimita moja chini ya mpaka. Ikikaa juu ya mpaka wenyewe hutaweza kumalizia filingi. Ikishuka mno inachana mashikilio ya ufizi. Usiiburute juu ya mzizi. Simenti na dentini ya mzizi ni laini, na mchubuko wa leo ni mahali pa ukoga kesho.

Wenye uzoefu huikunja 212 kidogo kabla ya kuitumia: taya ya nje chini, ya ndani juu, ili ya nje ishuke zaidi ya mwenzake. Inafaa, ila klampu iliyokunjwa mara nyingi huvunjika, kwa hiyo isiwe ileile miaka kumi.

Klampu hii haijisimamii. Kidole ukiondoa, inayumba, na ikiyumba katikati ya kazi inakata ufizi. Ifungie: lainisha kijiti cha kompaundi kwenye moto, kibandike chini ya kila upinde juu ya meno jirani, kiache kigande. Resini laini ya kugandishwa kwa mwanga nayo yafaa, na hutoka kwa urahisi. Baadaye ijaribu kwa kidole. Inasogea? Rudia. Usiendelee kwa matumaini.

Pakibaki kitobo kati ya mpira na jino, kizibe kwa resini ya kuzuia unyevu au kipande cha utepe wa Teflon kilichosokotwa. Mgonjwa akilalamika hapati hewa, kata mpira kidogo mbali na jino, upande wa kaakaa, hatakuwa na shida tena.

Hatua ya 5: Pale mpira unaposhindikana, uzi wa kusukuma ufizi

Kuna meno yasiyokubali klampu: gego la nyuma lenye mzizi mfupi wazi, jino lililozunguka, jino linalotikisika, mtu anayetapika akiguswa tu. Hapo mseto wa pamba na uzi ni njia halali, si njia ya aibu, mradi uifanye kwa ukamilifu. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikuta kuwa mpira huenda unapunguza filingi zinazoharibika, lakini ushahidi wenyewe ulikuwa dhaifu. Kwa hiyo sitamsimanga anayetumia pamba kwa umakini. Nitamsimanga anayetumia pamba moja.

Weka kivutio cha midomo kama unacho. Kwa jino la juu, pamba moja kwenye kina kilicho kati ya mdomo na ufizi, na pedi ya pembetatu shavuni, juu ya mlango wa paroti. Kwa jino la chini, pamba ya nje, pamba ya ndani kando ya ulimi, pedi ileile ya shavuni, na mrija wa mate chini ya ulimi. Msaidizi azibadilishe kabla hazijalowa kabisa, na kila anapotoa pamba kavu iliyonata shavuni ailoweshe kwanza, la sivyo atang'oa ngozi laini ya ndani ya mdomo na kuongeza jeraha.

Sasa uzi. Pima kina cha mfereji. Ufizi mwembamba, unaopenyesha kivuli cha probu, upewe uzi namba 000 au 00. Ufizi mnene waweza kubeba 0 au 1. Kata urefu unaoenea upande wa nje na kupita pembe mbili za jino kidogo tu. Uloweshe kwenye kloridi ya alumini, kisha uukamue kwenye shashi. Uzi unaodondoka dawa utaimwaga kwenye tundu. Nyuzi zenye adrenalini nazikwepa, zaidi kwa mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu, maana ufizi uliochubuka hunyonya dawa hiyo haraka.

Anzia pembeni, kati ya meno mawili, ambako ufizi hushika. Kifaa cha kupachikia kiinamishe kuelekea sehemu ambayo uzi umeshaingia. Ukikielekeza upande mwingine, kila msukumo utatoa ulichokwisha kuingiza. Nguvu iwe ndogo. Ufizi ukipauka umefika, ukitoka damu umezidisha. Subiri kama dakika tano. Hizo dakika watu huzipunja kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii, ilhali ndizo zinazofanya uzi uwe na maana.

Uzi unabaki humo mpaka filingi iishe. Mambo mawili uyaangalie. Kwanza, mkia wake usiegemee tundu, kwa sababu uzi hunyonya majimaji kama utambi wa kibatari na kuyafikisha usipotaka. Pili, ncha ya drili ikiugusa huuzungusha na kuung'oa pamoja na kipande cha ufizi. Ukichonga karibu na mpaka, punguza kasi. Ndiyo sababu wengine hupendelea utepe wa Teflon uliosokotwa mahali pa uzi. Haunyonyi maji, ila hauna dawa ya kuzuia damu, kwa hiyo unafaa ufizi uliotulia.

Kuhusu dawa zenyewe: salfeti ya feri huzuia damu haraka sana, lakini huacha mabonge meusi na doa, na mabaki yake huharibu bondi. Kwa meno ya mbele nabaki na kloridi ya alumini. Hata hiyo si malaika. Yoyote utakayotumia, ioshe kwa maji mengi na kuisugua kwa pamba ndogo kabla ya kuendelea. Bondi zinazojitia asidi zenyewe (zisizohitaji asidi kupakwa kwanza) huathirika zaidi na mabaki hayo. Ukishapaka dawa ya kuzuia damu, asidi ya fosforiki na maji ni njia ya uhakika zaidi ya kusafisha.

Hatua ya 6: Kavu si kukaushwa mpaka kufa

Hapa mwongozo unageuka. Umehangaika kufukuza maji, sasa unatakiwa kuyaacha kidogo.

Tangu Michael Buonocore alipoonyesha mwaka 1955 kwamba asidi huifanya enameli ishikike, kanuni ya enameli imebaki ileile: osha, kausha, iwe nyeupe kama chaki. Dentini haiko hivyo. Baada ya asidi, nyuzi zake za kolajeni husimama zikitegemea maji. Ukipuliza hewa mpaka mwisho zinalala kama nyasi zilizokanyagwa, na bondi haiwezi kupenya. Kwa hiyo asidi ya asilimia 35 hadi 37: tanguliza kwenye enameli, malizia kwenye dentini kwa sekunde 15 zisizozidi. Osha kwa muda uleule au zaidi. Kisha kausha enameli kwa hewa ya pembeni na ufyonze dentini kwa pamba ndogo yenye unyevunyevu. Dentini ing'ae kidogo bila dimbwi. Bondi inayojitia asidi ina masharti yake kwenye karatasi ya pakiti. Yasome, kwa sababu hutofautiana.

Dentini ya kusagika, ile ya njano inayong'aa kama kioo, ikwaruze kwanza kwa ncha ya drili. Imeziba vitundu vyake, asidi haiingii vizuri.

Hewa ielekezwe kutoka kwenye jino kwenda nje, isipigwe ndani ya mfereji wa ufizi. Hewa ya ndani ya mfereji huamsha damu iliyolala.

Hatua ya 7: Ikilowa, rudi nyuma

Italowa, ipo siku. Swali ni uko hatua gani.

Kabla ya asidi, hakuna hasara: osha, kausha, endelea. Baada ya asidi lakini kabla ya bondi, usipangusie tu; osha, kausha, rudia asidi kwa sekunde chache, osha tena. Bondi ikiwa imepakwa na haijapigwa mwanga, ioshe yote, kausha, anza kuipaka upya. Ikiwa imeshagandishwa, osha mate, kausha, paka bondi nyingine juu yake na ugandishe. Mate yakigusa kati ya tabaka mbili za kompositi (ile filingi ya resini inayogandishwa kwa mwanga), fanya vivyo hivyo. Damu ikiingia kati ya tabaka mimi huparua uso wa tabaka hilo kwanza, kwa sababu damu haitoki kwa maji peke yake na mstari wake mwekundu hugeuka kahawia baadaye.

Makosa hayako kwenye kulowa. Yako kwenye kupuliza hewa juu ya mate na kusema "imekauka". Mate yaliyokauka kwa hewa huacha utando wa protini usioonekana, na juu ya utando huo hakuna gundi inayoshika.

Tabaka la kwanza liwe jembamba na litue kwenye mpaka wa chini. Likishagandishwa, mpaka umefungwa na sehemu ngumu imepita. Tabaka zinazofuata ziko mbali zaidi na ufizi.

Hatua ya 8: Ikiwa haikauki kabisa

Basi usitumie kompositi. Glasi ionoma, iliyobuniwa na Alan Wilson na Brian Kent mwishoni mwa miaka ya 1960, hushika jino kwa kemia yake na huvumilia unyevu kidogo. Ile iliyochanganywa na resini ina rekodi nzuri ya kukaa shingoni. Lakini neno "huvumilia" limepotosha wengi. Inavumilia dentini yenye unyevu, haivumilii mate yanayopita juu yake ikiwa bado inaganda. Sugua dentini kwa asidi ya poliakriliki kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, osha, fyonza mpaka ibaki na mng'ao, weka, bana kwa matriksi ya shingoni (kifuniko chembamba kinachoshika umbo la filingi), usiiguse mpaka igande. Ikilowa kabla ya hapo, toa yote. Ikishaganda, ipake vanishi au vaselini, kwa sababu saa zake za mwanzo huharibiwa na maji na huharibiwa vilevile na ukavu. Ile ya kawaida, isiyo na resini, ina hofu hiyo zaidi.

Mgonjwa mzee mwenye mdomo mkavu na uozo wa mizizini ni mfano mzuri. Mate hana, ufizi wake unatoka damu kwa kuguswa, na jino lina mpaka wa simenti tupu. Hapo sijishauri mara mbili.

Hatua ya 9: Kutoa ulichoingiza

Malizia na kung'arisha filingi kabla ya kutoa uzi au klampu, maana sasa ndiyo mara ya mwisho utakapouona mpaka wa chini. Paka gliserini kabla ya kupiga mwanga wa mwisho. Hewa huacha ngozi ya juu ya kompositi ikiwa haijaganda sawasawa.

Uzi uloweshe kwa maji kabla ya kuuvuta. Uzi mkavu umenata kwenye ufizi, na ukiuvuta unachana, damu inatoka, na mgonjwa anaondoka akitema pinki. Klampu ifungue kwa koleo mpaka taya zote mbili ziachie ndipo uinyanyue. Usiiruhusu ikwaruze filingi mpya. Kata madaraja ya mpira kati ya jino na jino kwa mkasi, toa shuka, litandaze juu ya trei na ulihesabu matundu yake. Kipande kikikosekana, kiko kati ya meno.

Pitisha probu mara ya mwisho ndani ya mfereji wa ufizi, pande zote, ukitafuta mabaki ya bondi na vipande vya uzi. Niliwahi kuusahau uzi mmoja, namba 00. Mgonjwa alirudi siku ya nne, ufizi umevimba juu ya filingi nzuri kabisa, na uzi ukatoka wenyewe kwenye koleo ndogo. Tangu hapo msaidizi wangu huandika idadi ya nyuzi kwenye ubao mdogo ulio pembeni mwa kiti, na hafuti mpaka ameziona zote kwenye trei.